Kidani Ndani ya Kochi

Benchi letu liko mbele ya karakana ya fundi makochi, chini ya bati linalovuja upande mmoja, na kila mtu anaujua upande huo. Watu wa hapa nitawataja kwa majina wanayoitikia. Fundi mwenyewe ni Sponji. Wakili hakusomea sheria. Aliwahi kuitwa mahakamani kuwa shahidi, kesi ikaahirishwa, na tangu hapo anatoa ushauri. Rubani aliendesha lifti ya hoteli mpaka lifti ilipokufa. Muuza kahawa ni Binamu, ingawa hana undugu na yeyote kati yetu. Asubuhi moja, ndiyo kwanza Binamu amemimina kahawa, Sponji akatoka karakanani mbio, ngumi ameifumba, macho yamemtoka.

— Jamani, kaeni! Hapana, simameni! Hapana, kaeni!

— Umeumwa na nini? — akauliza Binamu.

Sponji akafumbua ngumi. Ndani ya vumbi la kiganja kililala kidani cha dhahabu. Katikati kina kito cha kijani, kikubwa kama punje ya hindi, na almasi ndogondogo zimekizunguka, zimebanana kama ndugu kwenye picha ya familia.

— Mkufu! — Rubani akaruka.

— Kidani, — nikasema. — Mkufu ni ule unaokibeba, na haupo.

— Mzee, darasa baadaye! Sponji, umekitoa wapi?

— Ndani ya kochi la mteja! Kitini, chini ya springi. Na mila yetu mafundi mnaijua: kinachokutwa ndani ya kochi ni cha fundi. Vitana, vifungo, kalamu, vyote vyangu.

— Sheria iko wazi, — akasema Wakili. — Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe uliinama. Kesi imekwisha.

— Basi leo mama watoto anarudi! Jioni wazee wanakaa kwao kutusuluhisha. Nikiingia na hiki, nani ataikumbuka ile bangili?

Sote tulikuwa tunaikumbuka. Nayo ilitoka kwenye kochi, la mteja mwingine. Mkewe aliivaa akaenda nayo saluni, mwenye mali akaitambua, akamvua mbele za watu. Kesho yake mama wa watu akarudi kwa wazazi wake.

— Bangili ilikuwa ya jirani, — akasema Rubani. — Hiki ni cha mataifa! Mimi nilimpandisha mke wa balozi mpaka ghorofa ya juu, shingoni ana yakuti kama hii.

— Yakuti ni nyekundu, — nikasema. — Ya kijani ni zumaridi.

— Basi alipanda na zumaridi, akashuka shingo tupu! Sikuuliza. Nilikuwa kazini.

Wakili akainuka nusu.

— Mmeona? Balozi! Hizo almasi mnadhani pambo? Kila moja ni jina la jasusi!

— Na kama ni kioo tu? — akauliza Binamu.

Kidogo apigwe. Rubani akakinyakua kidani, akakikwaruza kwenye glasi ya maji ya Binamu. Kri! Mstari mweupe ukabaki.

— Glasi yangu!

— Glasi nini, kaka! Kimekata! Ni chenyewe! — Rubani alikuwa anarukaruka. — Sasa nimejua. Hiki ni cha malkia. Malkia alikimbia vita, hakubeba kitu ila kochi.

— Mtu anakimbia vita na kochi? — akauliza Binamu.

— Ungebeba nini? Akichoka, anakaa.

Hoja hiyo ilitushinda. Wakili akamshika Sponji bega.

— Asiye na mwana aeleke jiwe. Wewe huna mke, jiwe umepata. Eleka!

Rubani alikuwa amekiinua juani, kijani kinatembea usoni mwake, dada mmoja mwenye koti jeupe la maabara aliposimama mbele yetu.

— Hicho mmekitoa wapi?

— Kochini, — Sponji akaropoka, kabla Wakili hajamziba mdomo.

— Kochini kwangu?

Akashika kifua. Kisha akatoa simu, akapiga.

— Dada! Kimeonekana! Kidani cha mama! Kilikuwa kwenye kochi, dada yangu, hukukichukua! Waambie wote! Panda gari, rudi nyumbani leo hii!

Alikuwa analia na kucheka pamoja. Tukaelewa kwa vipande: mama yao alimfukuza binti yake mkubwa kwa kumdhania mwizi, akafa bila kusema naye, na binti huyo hakuwahi kukanyaga tena nyumbani. Benchi zima tulishangilia. Rubani alitushika mikono mmoja mmoja kama mfungaji wa bao. Binamu alimimina kahawa bila kudai kitu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Wakili akakohoa.

— Furaha ni furaha, dada, ila sheria ni sheria. Kwa mila ya mafundi, kilichomo ni cha aliyelifungua kochi kwa kazi.

Yule dada akatazama mlangoni mwa karakana. Kochi lake lilikuwa limelala chali, kiti kimepasuliwa kuanzia pembe hadi pembe.

— Kwa kazi gani, kaka? Mimi nililileta kwa mguu wake uliovunjika. Fundi, huko kitini ulikuwa unatafuta nini?

Rubani akageuka kutazama barabara.

Sponji alikichukua kidani, akakifuta kwa shati lake, akamkabidhi kwa mikono miwili.

— Mama watoto aliniuliza hivyohivyo, — akasema. — Siku aliyofunga mizigo.

— Ukamjibu nini? — akauliza dada.

Sote tukamgeukia Sponji. Akaingia karakanani, akachukua sindano na uzi, akaanza kukishona kile kiti.