Makofi Yaliyomdanganya Boga Ndurya

Wasikilizaji wapendwa, shikamooni wakubwa zangu, na nyinyi wa rika langu, hamjambo. Ni mimi Nassir Mbarak, na saa hii ni yetu ya kuwakumbuka waliotutoka. Kila juma huwa naanza kwa wimbo. Leo hakuna wimbo. Nina hasira, na nimemwambia fundi mitambo asiguse kitu mpaka nimalize kusema.

Tunamkumbuka Boga Ndurya. Mpiga gitaa. Mzaliwa wa Kinango. Alifariki Jumatano iliyopita, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, kwa maradhi ya kiharusi. Kwa miaka kumi na mmoja alipiga gitaa kila Jumapili alasiri katika baa ya Kasa Tatu, pale Diani. Miaka kumi na mmoja, wasikilizaji. Na baa ilikuwa ikijaa mpaka watu wanasimama mlangoni. Mkiniuliza ni wangapi kati yao waliomsikia, nitawaambia: hakuna.

Na mimi nilikuwemo. Hilo nalisema mapema, msije mkasema Nassir anawanyooshea wenzake vidole. Meza yangu ilikuwa karibu na nguzo, hatua tano kutoka kwenye kiti chake. Soda yangu ya tangawizi mkononi, macho kwenye televisheni. Mimi huyu, ninayekula kwa kuzungumza habari za muziki!

Haya. Tuanze alikoanzia.

Nilipokwenda matangani Kinango nilikaa na dada yake, Mama Mbodze, aliyemzidi Boga miaka minane. Mama yao alikuwa na kikundi cha kayamba, na Mbodze alikuwa mpigaji wake. Akanieleza mambo yao yalivyokuwa.

"Kwetu mpigaji akikosea, hatumzomei," alisema. "Hatumtukani. Sisi wanawake tunaketi. Tunaketi pale pale mchangani, kimya, mpaka aanze upya."

Boga alikuwa na miaka kumi na sita alipopiga mbele yao mara ya kwanza, kwa gitaa la kuazima, siku ya kuondoa matanga ya babu yao. Jua la Kinango mnalijua. Akaanza, akina mama wakasimama wakacheza. Akakosea, wakaketi. Akaanza tena, wakasimama. Akakosea, wakaketi. Mara tisa, wasikilizaji. Mara tisa waliketi, na kijana analia huku anapiga. Mara ya kumi walisimama na hawakuketi tena mpaka jua likatua.

Nikamwuliza, "Mama, hamkuona kuwa mnamtesa?"

Akanitazama kwa mshangao. "Kumtesa? Tulikuwa tunamsikiliza, baba."

Huyo ndiye mtu aliyekuja Diani. Mtu aliyelelewa na watu wenye masikio. Alichukua mdundo wa kayamba akautia kwenye nyuzi sita. Kidole gumba kinashika besi, vidole viwili vinachakarisha kayamba, na mkono wa kushoto unatembeza sauti juu kwa vidole vyote vinne. Ukifumba macho ungeapa wapo watu watatu. Mpigaji mmoja wa Msambweni, ambaye amepiga katika hoteli nyingi za pwani hii, aliniambia alikwenda kumtazama Boga siku moja tu. Aliporudi nyumbani alikaa wiki nzima hajagusa gitaa lake. Aliona haya.

Na sisi pale Kasa Tatu tulikuwa tukimfokea mhudumu alete pilipili.

Nitawapa kisa kimoja mjue ninachosema. Jumapili moja stima ilipotea katikati ya mechi. Televisheni kimya, spika kimya. Boga akaendelea na gitaa kavu, na siku hiyo alipiga vizuri mno, hata mimi nilihisi kitu. Nilihisi, halafu nikatoa simu kutafuta matokeo ya mechi. Kila mtu akatoa simu. Dakika ishirini baadaye stima ikarudi, na televisheni ikawaka. Lo! Baa nzima ikalipuka kwa makofi na vifijo. Boga akanyanyua kichwa, akatabasamu, akatuinamia kwa adabu. Alidhani makofi ni yake.

Hakuna aliyemwambia. Ungemwambiaje? Tulicheka kidogo tukaendelea kula.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye roho ya mtu. Mwezi wa Februari mwaka huu, mkono wa kushoto wa Boga Ndurya ulianza kulegea. Mkono wa kushoto, mwezi wa Februari. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vilianza kufa ganzi. Wa kwanza kuona ni Jacinter, mhudumu wa pale, dada wa kutoka bara. Maneno yake ni haya:

"Mzee Boga alianza kuniambia nimfungulie soda. Chupa ilikuwa inamponyoka. Nikamuuliza, mzee, mkono uko sawa? Akaniuliza, kwani watu wamesema kitu? Nikamwambia wee, si unawaskia vile wanapiga makofi? Akasema, basi mkono ni mzima."

Basi mkono ni mzima! Mmelielewa neno hilo? Boga alijua kidole kina kasoro. Lakini mizani yake ilikuwa ile ya kwao. Katika maisha yake hakuwahi kukosea mbele ya watu akaachwa hivi hivi. Kwao ukikosea watu huketi. Sasa huku Diani anasikia kidole kinamchezea, anatutazama sisi, na sisi tunapiga makofi. Akajiambia ni uchovu. Akajiambia kosa analisikia yeye peke yake, labda liko kichwani tu. Angekuwa anaharibu kweli, watu wazima wote hawa wangekosaje kumwambia?

Februari tulipiga makofi. Machi tulipiga makofi. Kufika Aprili vidole vile viwili vilikuwa vinachelewa kufika kwenye uzi, na mara nyingine havifiki kabisa. Kayamba ipo, besi ipo, na sauti ya juu ina mashimo. Tulipiga makofi. Kuna msemo wetu wa kumpigia mbuzi gitaa. Wallahi, mbuzi ana afadhali. Mbuzi hasikii, lakini hapigi makofi akamdanganya mtu.

Mwezi wa Mei nikafanya langu. Jumapili moja nilisimama na simu yangu, nikamrekodi Boga dakika tatu nzima, nikaitia video hiyo mtandaoni. Chini nikaandika: "Jumapili tamu Diani, burudani ya uhakika." Watu zaidi ya elfu nne waliitazama. Mioyo myekundu, vidole gumba juu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mpigaji ana nini. Mimi niliyesimama pale nikairekodi sikuuliza.

Video ile ikatembea ikafika Kinango, kwenye simu ya binti yake Mama Mbodze. Mama Mbodze alikuwa anapepeta mahindi. Binti akamwambia, mama, njoo umsikie mjomba.

"Sikumaliza hata ubeti," Mama Mbodze aliniambia. "Nikamwambia, zima. Mkono wa ndugu yangu ni mgonjwa."

Hakuuona mkono, jamani. Binti alikuwa ameishika simu mwenyewe. Alisikia tu.

Jumapili iliyofuata alishuka Ukunda, akauliza njia, akaingia Kasa Tatu akiwa na leso zake na kikapu. Boga alikuwa ameshaanza kupiga. Mama Mbodze hakumwita. Aliweka kikapu chini, akasogea mbele ya kiti chake, akaanza kucheza peke yake katikati ya meza. Watu wakafurahi. Simu zikatoka. Halafu Boga akakosea, na Mama Mbodze akaketi. Akaketi kwenye saruji, miguu ameinyoosha, mdomo ameufumba.

Gitaa likanyamaza. Kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kuona Boga akikatiza wimbo. Akaanza upya. Dada akasimama. Vidole vikakataa. Dada akaketi. Akaanza mara ya tatu, na mara ya tatu dada akaketi.

Watu wakakasirika. "Mwondoeni huyo mama, amelewa!" Mama ambaye hajawahi kuonja hata mnazi! Austine, mwenye baa, akaona mambo yanaharibika, akafungulia muziki kwenye spika. Na chini ya kelele za spika Boga akalilaza gitaa mapajani. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia kila neno.

"Dada, umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni tangu Februari," akasema. "Nilidhani mkono ni mzima. Hakuna aliyeketi."

Akalia. Mwanamume mzima wa miaka hamsini na minne akalia mbele za watu kama siku ile ya matanga ya babu yake. Mnataka kujua Nassir alifanya nini? Nassir alisema moyoni haya ni mambo ya kifamilia, akageuka akatazama mpira. Mungu anisamehe.

Jumatatu asubuhi dada yake alimpeleka hospitali. Presha ilikuwa juu mno. Daktari akasema yale ya vidole ni viharusi vidogo vidogo, vimekuwa vikimpitia kwa miezi. Akampa dawa, akasema, "Mama, mngemleta mlipoona dalili ya kwanza, presha hii ningeishusha kwa vidonge." Mlipoona dalili ya kwanza! Dalili ile ilikuwa inatangazwa kwa spika kila Jumapili, saa tisa mpaka saa kumi na mbili. Siku kumi hazikupita, kiharusi kikubwa kikamwangusha. Jumatano akatutoka.

Nimezungumza na Austine. Austine si mtu mbaya. Alimpa Boga kiti miaka yote hiyo, na wengine hawakumpa. Aliniambia, "Mzee Nassir, watu hukuja hapa kurelax, bana. Hawakuji mtihani. Huwezi force mtu asikize." Na ninyi wengi mnakubaliana naye. Najua, nimesoma jumbe zenu tangu nilipotangaza kisa hiki asubuhi. Mmoja ameniandikia kwamba baa ni baa, mwenye kutaka kusikilizwa aende ukumbini.

Ebo! Ukumbi upi, ndugu yangu? Nitajie mmoja, kuanzia Kinango mpaka Munje. Hapa kwetu mwenye kipaji ana arusi, ana matanga, na ana baa. Arusi siku hizi ni kinanda cha mashine. Kwa hiyo ni baa. Na siwaambii muache nyama zenu. Siwaambii mkae kama mko msikitini. Nauliza jambo moja: kama humsikilizi mtu, makofi ni ya nini? Kaa kimya. Tafuna nyama yako unyamaze. Ungenyamaza tu, Boga angeshtuka. Angejua pana kitu hakiko sawa, angekwenda kwao, angekwenda kwa daktari. Lakini sisi tuna adabu bwana! Wimbo ukikoma tunapiga makofi bila kugeuza shingo, na mwenzetu anaondoka pale akiamini ni mzima.

Tulimzika Boga Ndurya Jumamosi, kwao Kinango. Austine alikuja na shada la maua, akatoa pole kwa heshima. Kisha, na hili nililisikia kwa masikio yangu, akamwuliza Mama Mbodze kama kuna mpwa au binamu anayejua gitaa, kwa sababu Jumapili kuna mechi kubwa na kiti kiko wazi.

Nikadhani mama yule atamrukia. Hakumrukia. Alimjibu kwa upole, "Mwanangu, wapigaji kwetu wapo tele. Wewe wasikilizaji unao?"

Austine aliliweka shada lake kaburini, akaondoka.

Kwa Mama Mbodze, kwa binti yake, kwa ukoo wote wa Ndurya wa Kinango: poleni sana. Mungu amlaze Boga pema, na awape subira. Mlimlea mkamfikisha, mkatukabidhi, na sisi hatukumtunza. Jacinter, nawe pole, mwanangu. Wewe uliuliza. Wengine sote hatukuuliza.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, alasiri ya leo kuna mtu mahali fulani anafunga nyuzi za gitaa lake, Ukunda, Msambweni, hata Mkwiro kule kisiwani. Atakaa kwenye kiti chake pembeni ya televisheni. Tafakarini mtakachomfanyia.

Limebaki moja, na ni zito kulisema hewani. Ile video ya dakika tatu ninayo hapa. Mama Mbodze amenionyesha kwa kidole chake mahali mkono unapokosea, akasema, "Hapo. Na hapo. Na hapo tena, baba, husikii?" Nimeirudia jana usiku kucha. Nimeirudia leo tangu alfajiri. Ni miaka ishirini na miwili nazungumza muziki katika redio hii, na wallahi mpaka dakika hii siyasikii makosa yenyewe. Kwangu mimi bado ni Jumapili tamu.

Fundi, iweke. Wasikilizaji, nyamazeni.