Dumu Lenye Kitambaa Chekundu

Kijiwe cha kahawa kilitazamana na kibanda cha bati ambamo mtaa mzima ulitakiwa kupeleka sumu za majumbani: betri zilizovimba, makopo ya rangi, taa zilizoungua, dawa za wadudu. Wasimamizi wake walikuwa watatu, wote wa benchi moja. Kila Ijumaa Katibu, karani mstaafu mwenye mwandiko wa kujivunia, alifungua daftari la ukaguzi papo hapo kwenye benchi, akatazama kufuli ng'ambo ya barabara, akaandika "Vyote vipo salama," na wenzake wakatia sahihi. Asubuhi hii lori la taka lilikuja, mlango ukafunguliwa, na dumu la lita tano la dawa ya mchwa, ambalo daftari lilisema limo, halikuwemo. Katibu aliogopa kuliko wote, maana dumu lilitoka kwake. Mkewe nusura apikie uji dawa hiyo, akidhani ni maji. Akalifunga kitambaa chekundu shingoni na kumwambia, "Litoe humu kabla halijatuua."

— Limeibwa, alisema Injinia, fundi baiskeli. Na mwizi ana ufunguo.

— Ufunguo si unao wewe? aliuliza Daktari, ambaye kwa kweli ni kinyozi.

— Ndiyo nasema. Huyo mwizi ananijua. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Mimi nadhani limekauka. Bati lile lina joto. Haba na haba hujaza kibaba.

— Likauke na plastiki yake?

— Sumu hiyo, ndugu yangu. Imeanza na plastiki.

Katibu alihisi kichwa kinamzunguka.

— Jamani, huenda kuna mtu analitumia kuchotea maji saa hizi. Nani aliliingiza kibandani?

— Wewe uliandika limeingia, alisema Injinia.

— Niliandika kwa sababu nilikukabidhi wewe, hapa hapa.

— Nilikuwa na grisi mikononi. Nikamwambia Daktari alipeleke.

— Na mimi nilikuwa nimeacha kichwa cha mtu nusu, alisema Daktari. Nikajua Katibu akiliona bado lipo atalipeleka mwenyewe. Mwenye macho haambiwi tazama.

— Sasa lilienda wapi? aliuliza Katibu.

Injinia alifikiri, akashusha sauti.

— Mchwa.

— Mchwa wamefanyaje?

— Wamelibeba. Wewe ukisikia jirani kaweka sumu yako ndani, utalala?

— Hapo umenena, alisema Daktari. Umoja ni nguvu.

Akanywa, akakunja uso.

— Mzee, mbona kahawa yako siku hizi inanuka kama kile kibanda?

— Upepo, alijibu muuza kahawa. Unatoka huko huko.

Katibu alinusa kikombe chake. Hakujua amwamini nani, akanywa tena.

Ndipo akaja mama mmoja mshonaji, aliyehamia mtaani wiki iliyopita, na mfuko wa betri kuukuu mkononi. Alikuwa ametafuta wasimamizi kibandani, akaelekezwa kijiweni.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema muuza kahawa. Kaa hapo, dada.

Akamwonyesha kiti kifupi kilichofunikwa gunia, ubavuni mwa beseni la kusuuzia vikombe. Mama akakaa. Mara akainuka, akashika sketi yake nyuma.

— Samahani, kiti chenu kinavuja.

Akafunua gunia. Kitambaa chekundu kilikuwa kimefungwa vile vile, fundo la mke wa Katibu, na chini ya dumu udongo ulikuwa umelowa mpaka kwenye beseni.

Muuza kahawa ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo.

— Nililikuta hapa. Nikajua mmeniletea kiti cha wageni.

— Ni nini hii? aliuliza mama.

— Dawa ya mchwa, alisema Katibu.

Mama akatazama dumu, akatazama beseni, akatazama vikombe vitatu mikononi mwao.

— Limeanza kuvuja lini?

Injinia akamtazama Daktari. Daktari akamtazama Katibu. Katibu akafungua daftari na kurudi nyuma Ijumaa moja moja, zote sita tangu dumu liandikwe. Kila ukurasa ulimjibu kwa mwandiko wake mwenyewe, mzuri, ulionyooka: Vyote vipo salama.

Akaweka kikombe chini. Kilikuwa kimebaki masimbi ya kahawa tu.