Meno Matatu ya Soli

Asubuhi hiyo kwenye benchi la kona, mbele ya kibanda cha fundi viatu aitwaye Soli, hapakukalika. Soli alikuwa ametoka kwa daktari wa meno huku amefura kwa hasira. Miaka sita amevaa meno matatu ya bandia, yale ya kuvaa na kuvua, yenye vikulabu vya waya vinavyoshika meno ya pembeni. Sasa fizi zimevimba, na meno yake mawili yaliyoshikwa na waya yanacheza. Daktari anataka kuyang'oa. Mtu anayebana misumari kwa meno akipiga soli, unamng'oa meno halafu ale wapi?

— Niliingia kwake na pengo la matatu, nitoke na la matano! Huu si uhuni?

Mawimbi, fundi redio, akashusha kikombe cha kahawa.

— Ni huo waya, Soli. Unanasa mawimbi. Taarifa ya habari ikianza tu, jino linatetemeka.

— Acha porojo wewe! — akadakia Shahidi, ambaye hakuna jambo duniani asiloliona kwa macho yake. — Meno ya bandia yana wivu. Nimeona mimi! Yanawafitini wenyeji usiku kucha mpaka wanahama.

— Basi tukamshtaki huyo daktari! — akafoka Soli. — Leo hii!

— Twende! — akasema Mawimbi. — Ila daktari mwenyewe kasemaje?

Soli akawa mdogo ghafla. Daktari alisema mabaki ya chakula hujificha chini ya meno yale na kuozesha fizi. Ayavue kila anapolala, ayasugue, ayalaze kwenye maji. Na hayo alimwambia tangu siku ya kwanza. Lakini angeyavulia wapi? Aliyavaa wiki mbili kabla ya harusi. Benchi zima linajua, mke hajui.

— Mke wangu anione na pengo? — akanong'ona. — Bora yaoze yote!

— Hapo umenena! — wakaitikia wote wawili.

Hawakumwona mwanamke aliyesimama nyuma yao, ameshika kiatu kilichokatika mkanda, macho yamemwiva kwa hasira. Alikuwa mke wa Soli.

— Baba watoto, miaka sita kila ukilala nakuwekea kikombe cha maji chenye kifuniko kando ya kitanda. Ulidhani cha nini?

Shahidi akachungulia kahawa yake. Mawimbi akakohoa.

Miaka yote sita, maji yale Soli alikuwa akiyanywa.