Mkebe wa Mzee Nyaga

Aliyeketi humpakatia mzigo aliyesimama. Ndiyo adabu ya basi la Runyenjes kwenda Embu. Kwa hiyo Rahema, muuza vitunguu, aliupokea mkebe wa mzee Nyaga bila kuuliza, akidhani ni samli.

"Ni jicho la ng'ombe wangu," Nyaga akamwambia Sulemani mchinjaji, aliyesimama kando yake. "Liliota nyama likafura kama ngumi, tukalitoa. Daktari wa mifugo ameliagiza, alipime kama ni saratani."

Rahema akausukuma mkebe hadi kwenye ncha ya magoti yake.

"Saratani, ng'ombe?" Sulemani akaguna. "Nimechinja tangu ujana, sijaiona. Huo ni mwiba tu."

"Mwiba ukitolewa haurudi. Hii nyama tuliikata mara ya kwanza, ikarudi, ndipo tukalitoa jicho."

"Hata kama! Mzee, hii ni Hali ya Hatari. Watu wanafungwa kwa kula kiapo cha kumpinga Mzungu kwa macho ya mbuzi, na wewe unasafiri na jicho?"

Basi likasimama kwenye kizuizi. Askari akapanda, akaenda moja kwa moja kwa Rahema.

"Mama, huu mkebe ni wa nani?"

Rahema akamtazama Nyaga. Mzee alikuwa akitazama nje, kama mtu ambaye hajawahi kufuga hata kuku.