Nilivyosoma kwa Posta, Peke Yangu

Mama zangu shikamooni, na wenzangu habari za mchana. Mmeniomba niseme nilivyosoma. Basi nitasema ukweli: nilisoma peke yangu, na upweke nusura unimalize.

Mume wangu alifariki nikiwa bado msichana, hata mtoto sina. Nikakaa eda palepale Gongo la Mboto, chumba kimoja. Siku za mwanzo watu walijaa, halafu kila mtu akashika lake. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mtaa mzima unakimbilia biashara, mie nimo ndani nasikiliza miguu ya wapitaji. Mjomba alivyoniona nakonda, akaniandikisha masomo ya sekondari kwa posta, vijitabu vya masomo vikawa vinaletwa. Niliishia darasa la saba, na hamu yangu ilikuwa moja tu: nifaulu kidato cha nne nikasomee unesi.

Nyie mliokaa darasani, mwalimu akiona umekunja uso anarudia. Wangu mie sura sikumjua, nilijua kalamu yake nyekundu tu. Nikituma swali, jibu linafika nimeshasahau nilichouliza. Basi nikasoma kwa njia niliyofundishwa madrasa, nasoma kwa sauti, narudia mpaka nahifadhi. Mnacheka, lakini kazi nilizotuma zilirudi na vema tupu.

Eda ikaisha, nikawa nishazoea kujifungia. Watu wakaacha kunigongea. Kuna asubuhi, jamani, nilijikuta nakisalimia kijitabu.

Siku ya mtihani wakaweka picha ya moyo, wamepachika herufi, nitaje sehemu zake. Majina yote ninayo kichwani, kwa mpangilio wa kijitabu. Lakini lipi ni la wapi? Nikayaandika vilevile nilivyoyahifadhi. Na maswali mengine yakawa hivyohivyo. Nikafeli.

Nililia, mama zangu. Nikajiambia, nesi gani mie, na vijitabu nikavisukuma uvunguni.

Ikaja Idi ya kuchinja. Jirani yangu, mama mtu mzima tuliyetenganishwa naye na ukuta tu, akaniita uani. Alikuwa anasafisha matumbo ya mbuzi, moyo umewekwa kwenye sinia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kaa hapo. Mwaka mzima nakusikia ukutani, moyo una vyumba vinne, moyo una vyumba vinne. Haya, nionyeshe."

Akanipa kisu. Nikapasua, sikuona chumba hata kimoja. Aibu ikanishika, nikanyanyuka.

"Unakwenda wapi? Umenipigia kelele mwaka mzima, leo nataka kujua."

Ikabidi nikavute kijitabu uvunguni. Tukapasua upya, taratibu, tukaingiza vidole. Akauliza, "Na hiki kigozi chembamba cha nini?" Nikasoma, nikatazama, nikamwambia ni kama kilango, damu ikishapita isirudi nyuma. Akasema, "Kumbe." Na mie moyoni nikasema kumbe, maana ndiyo kwanza nilikuwa naelewa.

Tangu siku hiyo akawa ananiita kila alasiri. Skuli hakwenda yule mama, ila alikuwa haachi kuuliza, na pale nilipohifadhi bila kuelewa nilikwama mbele yake. Nikarudia mtihani, nikafaulu, na unesi ndio huu mnaoniona nao.

Simtukani aliyebuni masomo ya posta. Bila hayo, mjane kama mie sekondari ningeiona wapi? Lakini kijitabu hakikuulizi kama umeelewa, wala hakijui kama umelia.

Namshukuru Mungu, namshukuru mjomba, na namshukuru yule mama. Alipohamia Boko kwa mwanawe nililia kuliko siku niliyofeli.

Sasa nasikia humu ndani kuna mabinti wawili wamejiandikisha posta. Wanangu, msijifungie. Nikitoka zamu huwa niko nyumbani, na sina wa kuongea naye. Njooni na vijitabu vyenu. Mie nitakaa niwaulize, na nitauliza mpaka mnichukie.