Mungu Ana Nini?

Mtaniwia radhi, kisa hiki nitakiharibu. Nina ugonjwa wa kucheka kabla ya mahali pa kucheka. Basi, benchi la kahawa lilitazamana na kilichokuwa kibanda cha Fundi Futi, mshona nguo. Moto wa juzi ulikula cherehani, ukala vitambaa, kisha ukapanda mlangoni ukatafuna nusu ya kibao. Zamani kilisomeka MUNGU ANATOSHA. Sasa kilisomeka MUNGU ANA, basi. Fundi alibaki na futi yake shingoni, chaki mfukoni, na kidevu juu kama bwana harusi. Ila kila alipokitazama kibao kile, alijiuliza: akibandue, au akiache?

— Kibandue, kaka, alisema Tetesi, ambaye habari za mtaa humpitia yeye kwanza. Unamsifia aliyekuacha uungue!

— Sijaungua mimi. Kimeungua kibanda.

— Moto ule umesoma shule, alidakia Kamusi, fundi viatu na bingwa wa maneno asiyoyajua. Kwa nini umebakiza ANA? Ni ujumbe. Mungu ana hasira.

— Ana shughuli nyingi, alisema muuza kahawa, akimimina.

— Ana watu wake! aliruka Tetesi. Na wewe, Futi, jina lako limekatwa!

— Nyamazeni, nimelipata! Kamusi alisimama kabisa. Mungu alipita hapa, akasoma kibao. Akasema: kama mimi namtosha huyu, cherehani ya nini?

Benchi zima likaangua kicheko. Fundi naye alicheka, tena kuwashinda wote.

Hapo akatokea mama mmoja, mgeni mtaani, kitambaa kimekunjwa kwapani. Alikisoma kibao, akarudia.

— Samahanini, baba zangu. Mungu ana nini?

Kamusi alikohoa. Tetesi alichungulia kikombe chake kama aliyedondosha jibu humo.

Fundi Futi aliinuka. Akavuka barabara, akapanda juu ya debe, akatoa chaki. Pale kibao kilipoishia, kwenye ukuta mweusi kwa masizi, akaandika kwa herufi kubwa nyeupe: NITOSHA.

— Mungu ananitosha, mama alisoma.

— Naam! Fundi alishuka kifua mbele. Kupima watu ndiyo kazi yangu, mama, kinachotosha nakijua. Hakibani, hakipwayi. Cherehani imekwenda, Yesu wangu hajapungua hata inchi. Leo nimeamka kwenye majivu nikamwita, na mkono huu hapa, hautetemeki. Lete kitambaa. Sindano ninayo.

Akavua futi shingoni, akaanza kumpima mama mabega, mbele ya macho ya benchi zima.

— Haya, shujaa! Tetesi alipaza sauti toka ng'ambo. Kama anakutosha, moto kauleta nani?

— Huo msimsingizie, Fundi alijibu bila kugeuka. Pasi ya mkaa niliisahau mimi, juu ya suruali ya Kamusi.