Dripu Moja, Wagonjwa Wawili

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mganga Mkuu, wachungaji wetu, wauguzi wenzangu, na ndugu wageni mliofika Tukuyu kumuaga Mama Tulinagwe anayestaafu: wakubwa shikamooni, na wengine habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie utaalamu wake katika uuguzi. Naomba nieleze siku moja tu, ambayo mimi nilikosea.

Mwaka juzi, kipindupindu kilipoingia, tuliwalaza wagonjwa katika madarasa ya shule ya Msasani, hapa hapa Tukuyu. Saa nane mchana tulibaki na chupa moja ya dripu, na gari lililokwenda kuchukua nyingine Mbeya lilikuwa halijarudi. Mjomba wangu Asajile, msimamizi katika kiwanda cha chai, alilala karibu na dirisha akipiga kelele: "Ackson! Mimi ndiye niliyekusomesha, leo unaniacha nife?"

Nani kati yenu asingeichukua ile chupa? Niliichukua.

Mama Tulinagwe akanishika mkono. "Mapigo yake umeyapima?"

"Bado, mama."

"Huyu ana nguvu ya kukuita. Yule wa mlangoni je?"

Mlangoni alilala Atuganile, muuza ndizi kutoka Ibighi, kimya, macho yamezama ndani. Nilimshika kifundo cha mkono, mapigo sikuyapata. Nikamfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama, dalili kwamba maji yamemwishia mwilini. Ndugu zangu, nilikuwa nimempita mara tatu.

Dripu ikaenda kwa Atuganile. Mjomba akatutukana sote wawili. Mama Tulinagwe akavuta kiti, akamnywesha mjomba maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, huku akimbembeleza kwa Kinyakyusa, mpaka gari lilipoingia saa kumi na moja. Wagonjwa wote wawili walipona. Mjomba hajanisemesha mpaka leo, na hilo linaniuma.

Vijana mnaoanza kazi, vipimo mtafundishwa darasani. Lakini nani atawafundisha kumtazama asiyewaita, wakati ndugu yenu wa damu anawaita kwa jina? Mimi nilifundishwa na huyu mama. Na kosa langu hakulisema kwa mtu yeyote, ndiyo maana leo nalisema mwenyewe.

Mama, kuanzia Jumatatu wodi yako naiongoza mimi. Jana nilikwambia naogopa, ukanijibu bila hata kuacha kukunja shuka: "Ogopa tu, baba. Nawa mikono, uingie."

Ndaga fijo, mama. Nanyi nyote, asanteni kwa kunivumilia mpaka hapa.